Lualaba: Mmea wa Kolwezi hauokolewi kwa kuung'oa

Jimbo la Lualaba linajulikana duniani kwa shaba na kobalti. Ni wachache wanaojua kwamba upande wa Kolwezi kuna pia mmea usioota porini katika nchi nyingine yoyote. Wanasayansi wanauita Encephalartos schaijesii.

Ni mmea mfupi wenye majani magumu, unafanana na mchikichi mdogo, na majani yake hayapukutiki kiangazi. Unaota ndani ya miombo. Profesa François Malaisse na wenzake waliupa jina hilo miaka ya 1990, kwa heshima ya Michel Schaijes, aliyekusanya mimea mingi ya eneo la Kolwezi.

Kuna wanaosema: mgodi ukifika, tung'oe mmea tuupande mbele ya ofisi, mambo yaishe. Sikubaliani nao. Mimea ya jamii hii ina dume na jike, kila mmoja na shina lake. Ukipeleka dume mjini na jike ukaliacha porini, hakuna mbegu. Chavua hubebwa na wadudu, nao wadudu hao hawaji na gari la kampuni. Tena mmea hukua polepole sana. Kwa hiyo anayehamisha shina moja ameokoa pambo, kizazi amekipoteza.

Sheria zipo. Mkataba wa CITES, ambao Kongo iliuingia mwaka 1976, unakataza biashara ya kimataifa ya mimea hii ikitoka porini. Lakini CITES haisimamishi katapila. Kinachoweza kulisimamisha ni uchunguzi wa mazingira unaodaiwa na sheria ya madini kabla ya kuchimba. Uchunguzi huo utaje mmea huu kwa jina, uhesabu madume na majike, na matokeo yasomwe mbele ya wakaaji kwa lugha wanayoisikia.

Pale unapoonekana, kipande cha pori kiachwe kizima na kizungushiwe njia ya kuzuia moto. Mbegu chache zipandwe kitaluni, kwenye udongo wa mchanga usiotuamisha maji, mbali na watoto na mbuzi, kwa sababu zina sumu. Tangu 2018 sheria inazitaka kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Kitalu kama hicho, chenye vijana wanaolipwa kukitunza, kinastahili kuwekwa kwenye mipango hiyo pamoja na shule na visima.

Sisi wa Sandoa tusiseme hayo ni ya watu wa Kolwezi. Pori tunalo bado. Machifu na wakuu wa mazingira wa teritwari waanze sasa kuandika kilichomo, kabla kibali cha kwanza hakijasainiwa. Na wewe msomaji, ukikuta mmea kama huo, usiung'oe wala usiuuze. Mwambie chifu wako mahali ulipo.