Afande Akishika Chaki

Leo tuache kidogo habari za nani kamwacha nani. Nipo Kusini, nimezunguka Masasi na Newala, na huku vijiweni tumebishana hadi kahawa ikapoa. Swali lilikuwa moja tu: bosi wa polisi akishastaafu, anafaa kwa kazi gani?

Wengi wetu tunamwona barazani, kiinua mgongo kiko benki, anacheza bao na kuwakaripia wajukuu kwa sauti ya gwaride. Wengine wanapewa ubalozi. Ernest Mangu, aliyekuwa IGP hadi 2017, alikwenda Rwanda. Simon Sirro, aliyempokea kijiti, mwaka 2022 akapelekwa Zimbabwe. Lakini ipo njia nyingine isiyo na bendera kwenye gari: kufundisha na kushauri.

Mnataka mfano? Mwaka 2023 Rais Samia aliunda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, yaani polisi, magereza, waendesha mashitaka na wenzao. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kati ya wajumbe alikuwemo Mangu, na alikuwemo Said Mwema, IGP kuanzia 2006 hadi 2013. Jamani, fikirieni! Watu wawili waliopigiwa saluti nchi nzima, sasa wamekaa kwenye kiti wanasikiliza raia wakiwalalamikia polisi. Na ripoti waliyoikabidhi Julai 2023 haikubembeleza mtu. Ilitaka Jeshi la Polisi lifanyiwe mabadiliko makubwa, na upelelezi uwekwe kwenye chombo cha taifa kinachojitegemea.

Wenzetu Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Yupo Peter Neyroud, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa Thames Valley. Alipoachana na magwanda hakwenda kulima maua. Alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma hadi akapata udaktari, akabaki hapo kufundisha maofisa wa polisi. Somo lake ni rahisi kulitaja, gumu kulimeza: usiseme doria au operesheni fulani inafaa kwa sababu umeizoea. Ipime, uone kama uhalifu umepungua kweli.

Sasa kwa nini nayasema haya nikiwa Masasi? Kwa sababu huku hawajasahau Januari 2013. Ugomvi wa polisi na vijana wa bodaboda uligeuka moto. Majengo ya umma yakachomwa, magari yakaungua, nyumba za viongozi zikateketezwa, na watu wakapoteza maisha. Hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifunga safari kuja Mtwara kutuliza mambo, maana mkoa mzima ulikuwa umeshachemka kwa suala la gesi.

IGP wakati huo? Mwema huyo huyo. Na tumtendee haki: ndiye aliyeipigia debe sana Polisi Jamii, akatupa na ule msemo wa utii wa sheria bila shuruti. Mipango mizuri. Lakini kumbe mpango unaweza kuwa mzuri Dar es Salaam, ukashindwa kwenye kituo kimoja cha bodaboda Masasi. Hapo katikati kulitokea nini? Hilo ndilo somo ninalotaka lifundishwe Kurasini na Moshi, kwenye vyuo vya polisi, na mwalimu awe mtu aliyekuwepo.

Nilipopanda Newala, kwenye ule upepo wa baridi unaotoka upande wa Shimo la Mungu, kijana mmoja wa bodaboda alinibana vizuri. "Bro, mbona hawasemi wakiwa na nyota mabegani? Wakistaafu ndiyo wanakuwa wataalamu!"

Nilikubali ana hoja. Akiwa kazini afande anafungwa na amri, kiapo na woga wa kupoteza mkate. Ukweli unaokuja baada ya pensheni ni ukweli wa bei nafuu. Ila mimi nasema bado tuuchukue, kwa sharti moja. Mzee asije darasani kutuhesabia medali. Atuletee siku mbaya: siku amri ilipotoka kimakosa, siku taarifa ilipochelewa, siku kijana alipokamatwa bila kuambiwa kosa lake wakati sheria inataka aambiwe. Mstaafu anayesimulia ushindi tu tunamwita mpiga stori. Anayefungua faili la siku aliyoshindwa, huyo ndiye mwalimu.

Nanyi washikaji, msikae pembeni mkicheka. Darasa likiwa la polisi peke yao, watafundishana walichokwisha kukijua. Dereva wa bodaboda wa Masasi aitwe akae mbele. Mama muuza samaki wa Newala aulizwe ni lini mara ya mwisho aliingia kituoni bila moyo kumdunda. Hao nao wana utaalamu, hawana cheti tu.

Majengo yaliyoungua yanajengwa upya. Mtu aliyekufa kwenye vurugu harudi. Kwa hiyo, afande mstaafu, kama unanisoma hapo barazani, weka kete chini kidogo. Chaki hiyo hapo, na wanafunzi wapo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!