Lulu za Mama na Shamba la Minazi

Barua iliyotufikia safari hii imeandikwa na dada mmoja wa pwani ya Tanga, na tumeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Mama yake amefariki, akaacha shamba la minazi na mkufu wa lulu aliopewa na mama yake mzazi siku alipoolewa. Kaka zake wawili wamemwambia, tena kwa upole: "Dada, wewe chukua lulu za mama, nasi tubaki na shamba. Lulu ni kito. Utakuwa umetupita sote." Karatasi imekwisha andikwa, yangoja sahihi yake tu. Anauliza: je, atie sahihi?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya jingine lililo nyuma yake: ni lulu za namna gani? Neno hili moja hubeba vitu vitatu ambavyo bei zake ziko mbali kama mbingu na ardhi. Iko lulu ya asili, iliyofanywa na chaza mwenyewe baharini bila ya mkono wa mtu. Iko lulu ya kufugwa, ambayo mwanadamu humfunua chaza kidogo, akampachika punje ndani, kisha akamrudisha majini ili aifunike kwa tabaka zake. Hivyo nayo ni lulu ya kweli. Na iko lulu bandia, ambayo si lulu hata kidogo, bali punje ya kioo au plastiki iliyopakwa rangi ing'aayo, pengine iliyotokana na magamba ya samaki.

Kuitambua bandia hakuhitaji fedha. Chukua punje moja, uisugue polepole kwenye ukingo wa jino la mbele. Lulu ya kweli, ya asili au ya kufugwa, itakwaruza kidogo kama mchanga laini sana, kwa kuwa ngozi yake ni tabaka nyingi nyembamba zilizolaliana. Bandia aghalabu huteleza kama sahani. Kisha litazame tundu la uzi kwa kioo cha kukuzia. Kwenye bandia mara nyingi utaona rangi imebanduka ukingoni, kama rangi ya mlango mkuukuu, na kioo kinachungulia chini yake. Zitazame pia punje zote kwa pamoja. Zikiwa zimefanana kabisa, hakuna yenye kidoa wala kishimo, ingia wasiwasi. Bahari haifanyi kazi kama kiwanda. Wapo wanaoshauri kuchoma punje moja moto au kuitia katika siki. La hasha! Lulu ni jamii ya chokaa, na siki huila. Utapata jibu na kuipoteza mali.

Tuseme lulu za mama zimeshinda jaribio la jino. Hapo ndipo penye fedha, na hapo ndipo jino lisipoweza kusaidia tena, kwa maana haliwezi kutenga ya asili na ya kufugwa. Jibu la hakika hutolewa na wataalamu wa vito wanaopiga picha za eksrei ili kuona moyo wa punje. Hata hivyo, historia ya ukoo yaweza kudokeza jambo. Mjapani Kokichi Mikimoto alifanikiwa kupata nusu-lulu za kufugwa mwaka 1893, na zile za mviringo kamili zikaanza kuenea masokoni katika miaka ya 1920. Basi dada yetu na awaulize wazee: bibi aliupata mkufu lini, na kwa nani? Ukiwa wa kabla ya miaka hiyo, huenda ni lulu za asili. Tunasema huenda, kwa sababu lulu bandia za Paris zilikuwako tangu karne ya 17, na bibi zetu nao walikutana na wauzaji wenye ndimi tamu.

Jinsi ufugaji ulivyogeuza bei, mfano wake mashuhuri uko New York. Mwaka 1917 nyumba ya vito ya Cartier ilipata jengo la ghorofa katika Fifth Avenue kwa kutoa dola 100 na mkufu wa nyuzi mbili za lulu za asili, uliothaminiwa dola milioni 1. Mwaka 1957 mkufu huohuo uliuzwa mnadani, na haukufikia hata dola 200,000. Jengo liko palepale hadi leo. Lakini usiseme kwamba lulu za asili zimekufa: mwaka 2007, katika jiji hilohilo, mkufu wa nyuzi mbili uliotoka katika hazina ya watawala wa Baroda, India, uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7.

Iwapo ni za kufugwa, ambalo ndilo jambo la kawaida, cha kwanza kutazamwa ni mng'ao. Usitazame chini ya taa za dukani. Nenda karibu na dirisha asubuhi. Katika lulu njema utaliona dirisha lenyewe, kingo zake zikiwa wazi. Iliyo duni huonekana nyeupe ya chaki, imefifia. Zungusha uzi polepole: punje zikipepesa, mara zang'aa mara zafifia, tabaka zake ni nyembamba na hazitadumu. Baada ya hapo ndipo uje kwenye umbo, vidoa na ukubwa, ambapo hata milimita 1 huweza kupandisha bei sana. Lulu za kome wa maji baridi kutoka China hupatikana kwa makumi katika kome mmoja, ndiyo maana nyingi ni rahisi. Angalia vilevile kama kuna fundo kati ya kila punje na mwenzake; huzuia kusuguana, na uzi ukikatika hupotei nazo zote. Kishikizo chenye alama ya 750 ni cha dhahabu ya karati 18, lakini dhahabu ya kishikizo haizigeuzi lulu.

Sasa tulirudie swali. Dada, usitie sahihi bado. Mwombe msimamizi wa mirathi athaminishe vyote viwili, shamba na mkufu, kabla ya mgawo. Upeleke kwa masonara wawili wasiokuwa na nia ya kuununua, usiuache kwa yeyote kati yao, na uulize bei ambayo mtu angekulipa leo, si bei ya kuandikwa kwenye kabati la duka. Mbili hizo hutofautiana mno. Ukionekana wa thamani ndogo, mkufu na ubaki kumbukumbu ya mama, nalo shamba ligawanywe kwa haki zenu. Ukionekana wa thamani kubwa, kaka zako nao wana haki ya kujua kabla hawajaweka sahihi zao. Hatuna sababu ya kuwadhania ubaya. Huenda nao wamelisikia neno lulu wakaishia hapo.

Kwa sasa uukunje katika kitambaa laini, mbali na manukato. Ila kabla ya kuuweka, hesabu punje mbele yao wote wawili, uandike idadi, nao watie sahihi.