Mwenye duka la dawa, nunua mizani kwanza

Katika biashara ambazo wasomaji wenye mtaji mdogo huzitupia macho, duka la dawa halikosekani. Sababu inaeleweka. Ugonjwa haungoji msimu wa mavuno, vidonge haviozi kama nyanya, na mama aliyebeba mtoto mwenye homa habishani sana juu ya bei. Hata hivyo, maoni ya safu hii ni kwamba wengi wanaoingia katika biashara hiyo hukosea hesabu mwanzoni kabisa, pale wanapoamua rafu ijazwe nini na nani asimame mbele ya rafu hiyo.

Mnunuzi wa mchele anaujua mchele. Ataunusa, atautia mkononi, na akiona chenga nyingi atahamia duka la pili. Mnunuzi wa dawa hana ujuzi huo. Anakuja na neno moja tu, "homa" au "tumbo", na kuanzia hapo anayechagua bidhaa ni muuzaji. Kwa maneno mengine, kinachouzwa pale kaunta ni uchaguzi. Kidonge kinafuata tu. Tajiri asiyelielewa jambo hili ataendesha duka la dawa kama duka la vipuri, yaani atajaza kile chenye faida kubwa kwa kila pakiti na kumwambia kijana wake akisukume.

Historia ya dawa za malaria inaonyesha hasara ya namna hiyo ya kufikiri. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa sawa na chumvi: kila duka lilikuwa nayo, na kila mtu aliijua kwa uchungu wake. Vimelea vikaizoea. Kenya ikaiacha mwaka 1998, Tanzania Bara mwaka 2001, na nafasi yake ikashikwa na SP. Haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania ilihamia dawa mseto ya ALu. Mara mbili ndani ya miaka sita, bidhaa kuu ya rafu iligeuka kuwa bidhaa ya pembeni. Aliyekuwa akisoma mwongozo wa matibabu alipunguza ununuzi mapema. Aliyekuwa akiangalia bei ya jumla peke yake alifurahia punguzo, akarundika makopo, na fedha zake zikalala humo.

SP yenyewe haikufa. Inaendelea kutumika kliniki kuwakinga wajawazito dhidi ya malaria, kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba. Kidonge ni kile kile, mgonjwa ni mwingine, na matumizi ni mengine kabisa. Muuzaji asiyeuliza inatafutwa kwa ajili ya nani hawezi kujua kama anauza kitu sahihi, na ikiwa mnunuzi ana mzio wa dawa za salfa, kosa hilo linaweza kumpeleka wodini.

Tuje sasa kwenye mizani. Dozi ya ALu ya vidonge vya kawaida hupangwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara. Kilo 15 hadi chini ya 25, viwili. Kilo 25 hadi chini ya 35, vitatu. Na kuanzia kilo 35, vinne. Dawa humezwa mara sita katika siku tatu, ya pili ikifuata ya kwanza baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni. Hivyo dozi kamili ni vidonge 6, 12, 18 au 24. Mfanyabiashara ataona papo hapo kwamba hizo ni bidhaa nne. Mwenye duka anayenunua pakiti za watu wazima tu kwa sababu ndizo zinazotoka haraka anajilazimisha kuzikatakata kila anapokuja mtoto, na pakiti iliyokatwa humwachia mabaki ambayo siku moja yatauzwa kama dozi ya mtu mwingine. Mizani ya kusimamia si kifaa cha anasa. Ingekuwa kitu cha kwanza kununuliwa, kabla hata ya kioo cha kaunta. Na maelezo ya kumeza dawa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, hayagharimu senti, ingawa bila chakula hicho dawa haiingii mwilini inavyopasa.

Hapa ndipo msomaji wetu wa gengeni atakapotucheka. Mteja ana fedha ya vidonge vinane, anaomba vinane, na ukimnyima jirani atampa. Ni kweli kabisa. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Mtu huyo mara nyingi anapungukiwa kwa sababu ameonyeshwa pakiti yenye jina kubwa la kiwanda, wakati dawa ile ile, yenye viini vile vile na iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa, ipo kwa bei ya chini. Mpe dozi nzima ya bei nafuu badala ya theluthi ya dozi ya bei ghali. Faida kwa pakiti itapungua, hilo hatulifichi. Ila yule wa vidonge vinane ataamka siku mbili akiona nafuu, ya tano ataanguka tena, na atakwenda kulitangaza duka lako mtaani kwamba linauza dawa feki.

Bei nafuu peke yake nayo haitoshi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, zilikuwa katika mpango wa majaribio wa kuweka ruzuku kwenye dawa mseto, zile pakiti zenye alama ya jani la kijani. Dawa ilifika madukani na bei ikashuka. Lakini ruzuku haijui nani ana malaria na nani ana nimonia. Mwaka huo huo wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, maana homa ni dalili ya magonjwa mengi. Kumrudisha mteja akapime kwanza ni mauzo yaliyopotea kwa saa moja. Akirudi na cheti, anarudi kununua kitu kinachomfaa.

Antibiotiki ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi. Mtoto anaharisha, na muuzaji ananyoosha mkono kwenye kopo la vidonge vya rangi. Wengi wa watoto hao wanahitaji ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, bidhaa za bei ndogo zenye faida ndogo. (Damu kwenye choo ni habari nyingine, huyo apelekwe zahanati.) Na kwa nini muuzaji ananyoosha mkono upande ule? Mara nyingi kwa sababu tajiri wake anamlipa asilimia ya mauzo. Malipo ya namna hiyo yanafaa kwa muuza viatu. Kwa mtoa dawa ni kumlipa mtu akosee, maana kila anapochagua kilicho sahihi na rahisi anajikata mshahara. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 badala ya yale ya dawa baridi, yalijengwa juu ya mtoa dawa aliyepitia mafunzo. Mlipe mshahara kamili. Mwache aulize umri, uzito, mimba, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu na dawa nyingine anazomeza mteja, kabla hajampa diklofenaki mzee mwenye maumivu ya mgongo.

Kuna anayesema usugu wa dawa ni mambo ya Wizara, hayamhusu mwenye fremu. Basi asikilize. Vimelea vinavyoanza kuhimili artemisinini, ambayo ni uti wa mgongo wa dawa mseto, vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na hapa Tanzania mkoani Kagera. ALu bado inaponya, na bado ndiyo ya kuuza. Lakini kila dozi iliyokatwa kaunta inavisaidia vimelea hivyo, na ikifika zamu ya ALu kufuata njia ya klorokwini, dawa itakayokuja itakuwa ghali zaidi kwa mnunuzi na kwa mtaji wako pia.

Kwa anayekwenda Kariakoo kununua mzigo wiki ijayo, ushauri wetu ni huu. Agiza ALu kwa uzito wote minne, hata kama za watoto zinakwenda polepole. Angalia tarehe ya mwisho kwenye boksi lenyewe, usitosheke na maneno ya mwenye stoo. Punguza antibiotiki kwenye orodha, ongeza ORS na zinki. Kabla ya kulipa, muulize mtoa dawa wako, si dereva, kama orodha imekamilika.