Bendi Iliyopatana kwa Usiku Mmoja

Wahenga walinena kuwa vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Pink Floyd ni ushahidi wa kutosha.

Mwaka 1979, wakati bendi hiyo ikirekodi santuri ya The Wall, mpiga kinanda Richard Wright alilazimishwa kujiuzulu. Aliyeshinikiza ni Roger Waters, mpiga besi na mtungaji mkuu, ambaye alikuwa ameasisi bendi pamoja naye. Hata hivyo, Wright alishiriki maonyesho ya 1980 na 1981 kama mwajiriwa wa mshahara. Maonyesho hayo yaligharimu fedha nyingi mno, yakaleta hasara. Wenye bendi wakaibeba hasara. Aliyefukuzwa akapokea ujira wake!

Mwaka 1985 Waters naye akajitoa, akiamini kuwa bila yeye hakuna bendi. Mpiga gitaa David Gilmour na mpiga drams Nick Mason hawakukubali. Mzozo wa jina ukafika mikononi mwa mawakili, na suluhu ikapatikana Desemba 1987: jina likabaki kwa Gilmour na Mason.

Ni kitu gani basi kilichowarejesha pamoja? Si fedha. Mwaka 2005 Bob Geldof aliandaa maonyesho ya Live 8, kuzihimiza nchi tajiri zifute madeni ya nchi maskini, hasa za Afrika. Waters mwenyewe akampigia simu Gilmour. Tarehe 2 Julai, wote wanne walisimama jukwaani Hyde Park, London, kwa mara ya kwanza tangu 1981. Walipomaliza, walikumbatiana mbele ya umati.

Lakini kukumbatiana si kusuluhishana. Gilmour hakutaka kurudi katika ziara ndefu pamoja na Waters, na mwaka 2023 uhasama wao ulizuka tena hadharani. Wright, aliyedhulumiwa kwanza, alifariki dunia Septemba 2008. Tangu siku hiyo, wanne wale hawawezi kukutana tena.

Msomaji mpenzi, huenda nawe unaye ndugu, au mwenzio wa kazini, mliyeachana kwa neno la nani mkubwa na nani mdogo. Usingoje siku ya sherehe ndipo umpe mkono. Mwendee mngali hai nyote wawili, na mlizungumze lile hasa lililowatenganisha.