Dawa halali zinapogongana mwilini: Siri inayowaponza wagonjwa wa sonona Mombasa

MGONJWA wa kisiwani Mombasa hana mlango mmoja wa dawa. Tembe za kutibu sonona, yaani huzuni kuu iliyogeuka maradhi, huenda akaandikiwa katika Hospitali Kuu ya Pwani; dawa ya maumivu ya mgongo akainunua dukani Mji wa Kale; ya kikohozi akapewa na jirani. Kila moja ni halali. Hatari huzaliwa zinapokutana mwilini.

Dawa nyingi za sonona, ikiwemo fluoksetini, huongeza nguvu ya serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe baina ya seli za neva. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo pia hutumiwa vibaya kama kileo, nayo huiongeza. Vivyo hivyo pethidini, dekstromethofani iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, na linezolidi inayotibu kifua kikuu sugu. Wengi wanaozichanganya hawadhuriki, na ndiyo sababu madhara yanapozuka huwakuta watu wameghafilika.

Dalili huanza kwa saa chache tu baada ya dawa mpya kuongezwa au kipimo kupandishwa. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa jasho, huhara, moyo humwenda mbio na akili humruka. Hali ikizidi, joto la mwili hupanda kiasi cha kuua. Katika mji wa Pwani, ni rahisi kudhania kuwa hiyo ni malaria. Vigezo vya Hunter, vilivyochapishwa mwaka wa 2003, huwaelekeza madaktari kutazama ishara nyingine: misuli ya kifundo cha mguu kurukaruka yenyewe.

Ulimwengu ulipata funzo hili kwa gharama kubwa. Mnamo Machi 1984, Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki jijini New York baada ya kudungwa pethidini ilhali alikuwa akitumia fenelzini, dawa ya sonona ya zamani. Wengi wanakihusisha kifo hicho na mgongano wa dawa hizo mbili.

Funzo hilo linaihusu Mombasa moja kwa moja. Mwaka wa 2016, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jamii nzima ya afyuni, ikiwemo methadoni. Kwa hivyo, anayepokea methadoni katika kituo cha Kisauni, kisha akavuka daraja la Nyali kutafuta tiba ya sonona kisiwani, anahitaji watabibu wa pande zote mbili wajue.

Sheria ya Famasi na Sumu, Sura ya 244, inadhibiti uuzaji wa dawa, lakini haiwezi kumfumbua mgonjwa kinywa. Katika vichochoro ambamo kila mtu anamjua mwenzake, dawa isiyotajwa mbele ya foleni ni ile ya akili. Waswahili walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tiba ya aibu hiyo si kuacha dawa ghafla, kwani kufanya hivyo nako kuna madhara. Mgonjwa na abebe pakiti zake zote aendapo kununua dawa nyingine, na mfamasia amwite kando amwulize kwa sauti ya chini: unatumia nini kingine? Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti ya kaunti.