Kwaya ina sauti nne, sabufa inatoa mbili

Ukiingia duka la vifaa vya umeme mjini Arusha, muuzaji atakufungulia besi ya sabufa mpya mpaka vioo vya kabati vitetemeke. Mimi nafundisha kwaya huku Poli, Meru, na ushauri wangu kwa mnunuzi ni mmoja: mwambie aweke kwaya.

Soprano utawasikia kwenye vile vispika vidogo, na mdundo utatoka kwenye boksi la chini. Teno na besi, wanaume wanaoimba katikati, wanazama. Kispika cha inchi tatu hakina ubavu wa kushuka hadi sauti ya mwanamume, na boksi limeundwa kwa ajili ya mdundo tu. Zile wati elfu kadhaa zilizoandikwa kwenye katoni ni PMPO, hesabu ya kuvutia wateja. Ulizia RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo.

Spika za zamani za mbao, zenye koni ya karatasi ya inchi nane, zinawatendea haki wanaume hao. Jozi niliyonunua kwenye mitumba ilikuwa na sponji lililooza kuzunguka koni, ukiligusa linakuwa unga. Fundi mmoja wa Kilombero, Arusha, alikwangua gundi ya zamani kwa wembe, akabandika sponji jipya, kisha akaisukuma koni taratibu kwa vidole huku ametega sikio, asije akaacha koili inasugua. Jioni ile niliwasikia besi wakitamka kila neno.

Amplifaya ya zamani siishabikii. Kapasita zake hukauka hata ikikaa kabatini, na amplifaya zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka volti 100. Ukizichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma, umeziunguza. Hapo nunua mpya, hata ndogo.

Kinachoniuma ni ufundi unaopotea. Mji wa Arusha ulikuwa na kiwanda cha redio cha Philips, na watu bado wanashuka daladala "Philips" kwenye barabara ya Moshi, wengi bila kujua jina lilitoka wapi. Mafundi wanaojua kufufua spika sasa ni wazee. Sharika zetu huchangisha mamilioni kwa ajili ya vyombo vipya. Zitenge sehemu ya fedha hizo kumlipia kijana mmoja wa kwaya akae na fundi mwaka mzima, ajifunze kazi hiyo.