Homa Zote si Malaria

Nchi yetu imezoea kuiuliza homa swali moja tu: je, ni malaria? Jibu likiwa hapana, mgonjwa huambiwa ana taifodi au yutiai, naye hupewa dawa akaenda zake. Mazoea haya si kosa la tabibu mmoja. Ni uzembe wa kisera.

Mwaka 1905, Robert Koch alichunguza homa ya papasi katika nchi hii hii, Dar es Salaam ikiwa makao makuu ya Wajerumani. Aliwakuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi kando ya njia za misafara, akabaini kwamba jike huwarithisha watoto wake bakteria kupitia mayai.

Misafara ya leo huishia Kariakoo. Mfanyabiashara aliyelala juzi katika nyumba ya udongo huko Dodoma, mkoa ambao homa ya papasi inafahamika, huugulia gesti ya Msimbazi. Zahanati humpima kwa kipimo cha haraka, nacho hutambua malaria pekee. Bakteria wa papasi huonekana kwa darubini, katika tone lile lile la damu tusilolitazama tena.

Wanaodhani haya ni ya nadra watazame Moshi. Kati ya 2007 na 2008, hospitali mbili za huko zilifanyiwa utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Walioipata kweli ni 14. Wagonjwa 118 walikutwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, wakiwamo 36 wenye riketsia ya homa ya madoa, inayoenezwa na kupe. Doksisaiklini, dawa ya bei nafuu, huitibu. Lakini nani ataiandika ikiwa ugonjwa haumjii akilini?

Ng'ombe akipata homa, bwana mifugo humkagua kupe. Mwenye ng'ombe akipata homa, hakuna amwulizaye habari za kupe.

Dawati la Afya Moja lipo Ofisi ya Waziri Mkuu. Basi lishuke hadi zahanati za Kariakoo: fomu ya mgonjwa iulize alikolala na mifugo aliyoishika, darubini irudi mezani, na takwimu za daktari wa watu na wa mifugo zisomwe pamoja. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, fomu hizo huandikwa katika ofisi zenu.